Nimelipia "umaalumu" benki miaka miwili, nilichoambulia ni kalamu

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo nikivuka mpaka mtanivumilia.

Miaka miwili nyuma nilikuwa na akaunti ya kawaida kama wengi wenu. Foleni napanga, kadi yangu rangi ileile ya kila mtu, nikikwama napiga huduma kwa wateja nasikiliza muziki mpaka simu inapata moto sikioni. Halafu nikauza kiwanja, fedha ikaingia, ikatulia. Hata wiki haijaisha napigiwa. Sauti tamu, majina yangu matatu yote, "mteja wetu, umestahili kuhamia kwenye akaunti ya wateja maalumu". Nikaenda. Mlango wenyewe nilikuwa naupita siku zote nikidhani ni stoo. Ndani sofa la ngozi, kiyoyozi, maji ya chupa, kijana kavaa suti ananiita "mheshimiwa". Nikasaini karatasi kumi na moja bila kusoma hata moja, nikapewa kalamu niondoke nayo. Hiyo kalamu hadi leo ndiyo kitu pekee nilichopewa pale bila kukatwa.

Kilichonifikisha hapa ni cha mwezi uliopita. Mzazi aliugua, nikatoa fedha ya matibabu, salio likashuka chini ya kiwango chao kwa siku tisa. Siku tisa! Mwisho wa mwezi nafungua taarifa ya akaunti nakuta mistari mitatu imepangana: ada ya huduma maalumu, chini yake kodi ya hiyo ada, chini yake tena ada ya usimamizi ya robo mwaka. Nikampigia meneja wangu, maana kwenye akaunti hii kila mteja anapangiwa wake. Akapokea mtu nisiyemjua, ananiambia yule alishahamishwa, sasa nipo chini yake yeye. Huyu ni wa tatu. Na kila akija mpya tunaanza moja: unaitwa nani, unafanya shughuli gani, una malengo gani. Namjibu huku namsikia anabofya kompyuta. Nikamweleza habari ya makato, akasema atalifuatilia, na hata mate hajameza akaniuliza kama nimeshausikia mfuko mpya wa uwekezaji (ule mnaochangia fedha wengi, wataalamu wanawawekezea) waliouzindua.

Hapo ndipo nilipozinduka. Nilidhani nimepata mtu wa kunishughulikia, kumbe mimi ndiye niliyekuwa nashughulikiwa. Huyu ni muuzaji mwenye lengo la mauzo la mwezi, na jina langu liko kwenye orodha yake. Mwenye akaunti ya kawaida hana anayemsumbua na mifuko wala hatifungani (hati za kuikopesha kampuni au serikali kwa riba) zenye masharti ya kurasa arobaini, kwa sababu benki haimwoni. Kutoonekana nako ni neema, nimechelewa tu kuijua.

Usiku ule nikazitoa zile karatasi kumi na moja. Ukurasa wa saba, herufi za kusoma kwa kurunzi: nimekubali kwamba benki inaweza kupokea kamisheni kutoka kwa wenye mifuko inayoniuzia, na nimeacha haki ya kuidai. Yaani anayenishauri ninunue nini analipwa na anayekiuza, nami nimebariki kwa saini yangu. Msidhani ni mambo ya kwetu walalahoi tu tuliopanda juzi. Uswisi kwenyewe, ambako biashara hii ni kama urithi wa ukoo, mahakama yao ya juu iliamua mwaka 2012 kwamba kamisheni za namna hiyo ni mali ya mteja, isipokuwa kama aliziacha kwa kujua. Uingereza wao kuanzia 2013 wakawapiga marufuku washauri wa fedha kula kamisheni za wenye bidhaa za uwekezaji. Sasa jiulize kwa nini ukurasa wangu wa saba umeandikwa kwa herufi za sisimizi.

Mfuko niliouziwa unatoza asilimia 1.5 kwa mwaka, na benki inaongeza yake asilimia 1 ya "usimamizi". Jumla 2.5. Ukiambiwa hivyo kwenye sofa unaona kitu kidogo, nami nilitikisa kichwa kama mjuzi. Chukua kikokotoo: 0.975 ijizidishe mara ishirini. Unapata kama 0.60. Maana yake baada ya miaka 20, kila 100 uliyopaswa kuwa nayo, 40 imeliwa na makato, soko liwe limepanda au limeshuka. Ingekuwa asilimia 1 peke yake ungebaki na kama 82. Na mifuko ya kufuata soko zima bila mbwembwe, yaani inayonunua tu hisa za soko zima bila mtu kuchagua, ipo tangu John Bogle wa kampuni ya uwekezaji ya Vanguard alipowafungulia watu wa kawaida huko Marekani mwaka 1976. Leo mingine inatoza chini ya asilimia 0.1. Kuinunua hakuhitaji sofa.

Kuna jamaa najua anakuja kusema "mkuu, unalipia usalama na usiri". Aje tu.

Usalama: bima ya amana, ile inayokurudishia fedha yako benki ikifilisika, haijui rangi ya kadi. Marekani inalinda dola 250,000 kwa kila mwenye amana katika benki moja, Umoja wa Ulaya euro 100,000. Hakuna mstari unaosema wateja maalumu waongezewe. Tena hawa wanakushawishi urundike kila kitu kwao ili ufikie kiwango, kwa hiyo kinachozidi ile bima kiko uchi. Benki kubwa ya Uswisi, Credit Suisse, ilipoanguka Machi 2023 na kuchukuliwa na mpinzani wake UBS, mwenye amana yake ya kawaida aliamka ikiwa vilevile. Zilizofutwa zikawa sifuri ni zile hatifungani za AT1, aina ambayo masharti yake yanaruhusu ifutwe benki ikiyumba, za thamani ya karibu faranga bilioni 16. Zile za riba nono.

Usiri: mwaka huohuo Coutts, benki ya matajiri wa London iliyoanza 1692, ilimfungia akaunti mwanasiasa Nigel Farage. Mkuu wa NatWest inayoimiliki Coutts akakiri kwamba yeye mwenyewe alizungumza na mwandishi wa BBC kuhusu uhusiano wa mteja huyo na benki, akajiuzulu Julai. Mpende Farage au mchukie, ila kama mkuu wa juu kabisa anaweza kuteleza ulimi, huyu wangu wa tatu anayebofya kompyuta nimtegemee kwa lipi?

Foleni je? Kweli siipangi. Mwaka jana nilienda tawini mara nne, mambo mengine yote nafanya kwa simu. Nimegawanya ada ya mwaka kwa hizo foleni nne. Wakuu, kwa bei ya foleni moja ningemlipa mtu anipangie asubuhi nzima, na nauli nimpe. Kadi yao ya chuma nzito kama kijiko, nayo juzi imekataa dukani. Mwenye duka akaigonga mezani mara mbili akidhani mashine ndiyo mbovu, nikatoa ile ya zamani ya plastiki, ikakubali.

Nisiwe mchoyo wa haki. Wapo inaowafaa. Ukiwa na hisa nyingi usizotaka kuuza, unaweza kuziweka dhamana ukapata mkopo kwa riba ya kujadiliana, na tofauti ya riba peke yake ikafuta ada zote. Ukiwa na mirathi iliyotapakaa nchi tatu, au kipato cha biashara ambacho mfumo wa kawaida hauwezi kukisoma unapoomba mkopo wa nyumba, mtu wa kukaa naye mezani anasaidia kweli. Lakini hao wanakwenda benki wakiwa na shida mkononi wanayotaka itatuliwe. Mimi sikuwa na shida yoyote, nilikuwa na salio tu. Ilitosha kabisa fedha ile kuiweka amana ya muda maalumu nikaendelea kusikiliza muziki wangu kwenye simu.

Sasa nataka kurudi kwenye akaunti ya kawaida na ndipo balaa jipya lilipoanza. Kufungua ilikuwa saa moja. Kufunga wanataka notisi ya siku 30, na vipande vyangu vya mfuko eti haviwezi kukaa kwenye akaunti ya kawaida, lazima viuzwe. Nikiuza kabla ya miaka mitatu kuna ada ya kutoka. Aliyewahi kuhamisha vipande kwenda kwa wakala mwingine bila kuviuza aje anieleze alijaza fomu gani na alianzia dirisha lipi. Hii niliyopewa mimi inataka saini ya meneja wangu, na nimeambiwa leo asubuhi wa tatu naye amehamishwa, wa nne bado hajapangwa.