Nikiulizwa redioni "mmeponya wangapi?", nijibu nini?

Msaidizi_Busia
Wandugu, nawakusanyia data watafiti wa saikolojia. Digrii yenyewe nimeimaliza juzi tu. Wiki iliyopita nilitumwa redioni, kipindi cha jioni, kwa Kiswahili, maana hapa Busia wasikilizaji ni Wasamia, Wateso, Waganda na madereva wa malori wanaongoja kuvuka. Nikaeleza ule utafiti wa Masaka na Rakai, hapa Uganda, uliochapishwa 2003: vijiji 30, nusu vikapewa vikundi vya mazungumzo mara moja kwa wiki, wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliofunzwa, si madaktari. Mwishoni, waliobaki na sonona, yaani huzuni nzito ya kuugua, kwenye vikundi ni 6 au 7 katika kila washiriki 100. Mtangazaji akadakia, "Sikieni! Dawa imepatikana!" Nami nikacheka.

Kicheko hicho ndicho kinaniuma. Kwenye vijiji ambavyo havikupewa vikundi, wenye sonona nao walishuka, kutoka 94 hadi kama 55 katika kila washiriki 100. Wengi walipata nafuu hivihivi. Sikulisema; tangazo la sabuni lilikuwa linasubiri. Halafu mama mmoja akapiga simu: "Na wale wengine mliwaacha wateseke kwa nini?" Nikababaika mpaka muziki ukaniokoa. Nyinyi mngejibuje?

MamaVHT
Mwanangu, hiyo "sonona" hata mimi niliikuta semina. Watafiti wa Masaka waliwauliza wanavijiji kwanza, wakaambiwa kwa Luganda *okwekyawa*, kujichukia, na *okwekubagiza*, kujihurumia. Anzia hapo. Ukitaja ugonjwa wa akili kabla ya kujichukia, watu wanasikia Butabika tu, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, na redio inazimwa.

Maiki_Moto
Natangaza (si kwenye redio yako, usinitafute!). Mtangazaji anataka sentensi moja, na usipompa anajitungia. Mpe kabla hamjaingia hewani: "Vikundi vilisaidia wengi, ila muda nao ulisaidia baadhi." Mwandikie kwenye karatasi. Ataisoma, tunasoma chochote.

Mwalimu wa Hesabu
Huyo mama mwambie kura. Kina mama wote wa soko wanaijua ya chama cha akiba: vikaratasi vinakunjwa, vinachanganywa, hakuna wa kupendelewa. Vijiji navyo viligawanywa kwa bahati nasibu. Bila wale wengine ungetangaza kwamba vikundi vimeponya kila aliyepata nafuu, kumbe wengine wangepata tu, labda mavuno yalikuwa mazuri.

Msaidizi_Busia
Ya kura naichukua, mwalimu. Ila kwenye chama hata wa mwisho hupokea. Akiniuliza zamu ya vijiji vile ilifika lini?

MamaVHT
Atauliza, namjua mama wa aina hiyo. Na akimaliza ya Masaka atauliza ya utafiti wenu. Waulize waliokutuma kabla hujarudi studio, na wakikwepa, waende wao.