Vinundu vyekundu baada ya kumaliza dawa za ukoma: je, ugonjwa umerudi?

Mwana wa Masasi: Ndugu wanajukwaa, naomba maelezo. Mjomba wangu alimaliza dawa mseto za ukoma za miezi 12, lakini sasa ametokwa na vinundu vyekundu usoni na mikononi, vinauma hata shuka ikivigusa, na homa humpanda usiku. Ngozi nayo imekuwa nyeusi. Nyumbani wanasema dawa hazikumfaa, na wanataka apelekwe kwa mganga wa kienyeji.

Muuguzi, Newala: Pole sana, ndugu, na umfikishie mjomba salamu zetu. Vinundu vinavyoibuka ghafla pamoja na homa mara nyingi si ukoma uliorudi, bali ni kinga ya mwili inayopambana na mabaki ya vimelea, na hali hiyo humpata mgonjwa kabla ya tiba, katikati yake au hata miaka kadhaa baada ya kuimaliza. Hata hivyo asikae nayo nyumbani, kwa kuwa hushambulia pia neva, macho na korodani. Daktari akithibitisha, huenda akamwanzishia prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga hiyo ya mwili, ambayo haifai kununuliwa dukani wala kuachwa ghafla. Weusi wa ngozi ni jambo jingine kabisa: huletwa na klofazimini, mojawapo ya dawa tatu alizomeza, nao hufifia polepole.

Ipo pia hali adimu, iliyoelezwa na madaktari Lucio na Alvarado huko Meksiko mwaka 1852, ambamo ngozi hufa vipande vipande na kuacha vidonda vyeusi. Hiyo huwapata hasa wasiotibiwa, hivyo sidhani kama ndiyo ya mjomba.

Mkazi wa Lindi: Naomba nyayo zake zikaguliwe pia. Kidonda cha miaka mingi kikianza kuota nyama juu, kunuka na kuvuja damu kikiguswa, kinaweza kuwa kimegeuka saratani ya ngozi, na ganzi humficha mgonjwa hatari hiyo. Lazima kikatwe kinyama kipimwe. Na asibangue korosho kwa mikono mitupu, maana mafuta ya ganda humbabua mtu mwenye ganzi asijue mpaka aone malengelenge.

Mwana wa Masasi: Ahsanteni sana. Kidonda cha unyayo anacho, cha siku nyingi. Nianzie wapi?

Muuguzi, Newala: Muulizie mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya, kesho asubuhi, na mchukue kadi ya matibabu ya mjomba. Kidonda kionyesheni siku hiyo hiyo, hata kama yeye atasema hakimuumi.