Mbwa amezubaa na hali chakula: kumwangalia nyumbani, agroveti au daktari?

Nyamasaria_Boy
Habari zenu. Mbwa wangu dume tangu jana amelala tu chini ya gari. Ugali na omena ameunusa akageuza kichwa, na huyu si wa kukataa omena. Hatapiki, haharishi, ila pua imekauka. Mjomba anasema nimwache siku mbili atajirudi, jirani ananituma agroveti, duka la dawa za mifugo, pale Kibuye nikachukue sindano, mke wangu anataka daktari aje. Nani yuko sahihi? Mfuko wenyewe si mzito.

MamaPaka
Pua achana nayo, hukauka hata kwa mbwa mzima aliyelala juani. Angalia ufizi. Unatakiwa uwe wa waridi. Ubonyeze kwa kidole ugeuke mweupe, ukiachilia rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Kisha vuta ngozi ya shingoni. Ikibaki imesimama, ameishiwa maji. Tuletee jibu kwanza, ya mjomba na jirani tutayazungumza baadaye.

Mkulima_Njoro
Mimi niko upande wa agroveti. Huku kwetu daktari yuko na ng'ombe wa watu toka alfajiri, mbwa wako atangoja ndama wazaliwe kwanza. Dawa ya minyoo, ya kupe, ya viroboto, zote natoa dukani na mbwa wangu wako fiti.

Mhudumu_KK
Mkulima, kwa kinga nakuunga mkono, hapo agroveti ni nafuu na inatosha. Shida ni mnyama akishaugua. Mbwa mkubwa akizubaa ghafla hivi, mimi hushuku kupe kwanza. Kupe huleta zaidi ya ugonjwa mmoja, na dawa hazifanani: erlikia hutibiwa kwa doksisaiklini wiki kadhaa, babesia inataka sindano nyingine kabisa. Kwa macho utaona yale yale, homa, kukosa hamu, ufizi kupauka. Babesia wakati mwingine hugeuza mkojo ukawa kama chai ya rangi, lakini si lazima. Kinachotenganisha ni tone la damu chini ya darubini, na muuza duka hana darubini. Nimeona mbwa akidungwa dawa ya nagana, ule ugonjwa wa mbung'o wa ng'ombe, kipimo cha kukisia, akaanza kuyumba na kutetemeka. Dawa ile ikizidi hushambulia ubongo wa mbwa.

Ukiwa na kipimajoto cha dijitali, paka ncha mafuta, ingiza taratibu mkunduni. Kawaida ya mbwa ni takriban 38.3 hadi 39.2, usimpime kwa 37 ya binadamu. Ikipita 39.5 naye ametulia kivulini, ana homa.

Kondele_Base
Na kumwangalia nyumbani je? Wangu huharisha akila mifupa ya nyama choma, kesho yake anaruka ukuta.

MamaPaka
Mkubwa aliyeharisha mara moja, anakunywa maji, mkia unatikisika, mwangalie hadi kesho. Lakini kijibwa ambacho hakijamaliza chanjo, kinatapika na kuhara damu, usikilaze nyumbani. Hiyo huenda ni parvo, ugonjwa wa virusi, nao hukausha maji mwilini haraka, kinahitaji dripu.

Paka ndio wagumu, wanaficha. Wangu alipougua kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa manyoya: aliacha kujilamba, mgongoni yakashikana vishungi. Akikataa chakula siku mbili tatu, hasa akiwa mnene, ini huanza kujaa mafuta. Akihema mdomo wazi, mpeleke saa hiyo hiyo. Na parasetamoli ya watu msimpe hata kipande, inaua paka. Vivyo hivyo dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini.

Mhudumu_KK
Naongeza kwa anayetaka kufungua mdomo wa mbwa: akiwa amebadilika tabia, mate yanamchuruzika, taya limelegea au anashindwa kumeza, usitie mkono. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mpango wa Kenya wa 2014 wa kukitokomeza ifikapo 2030 ulianza na kaunti chache, Kisumu na Siaya zikiwemo. Akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Nyamasaria_Boy
Chanjo ya kichaa alidungwa mwaka huu, mate hana. Ufizi nimeuona, umepauka karibu uwe mweupe. Nyuma ya masikio na katikati ya vidole kupe wamejaa. Kipimajoto sina.

Mkulima_Njoro
Aa, hapo hata mimi nahama upande. Ita daktari. Muulize bei ya kupima damu kabla hajapanda pikipiki, na uhakikishe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Si kila mwenye mkoba na sindano ni daktari.

Nyamasaria_Boy
Nimempata, anakuja saa kumi. Mjomba amenuna.

Kondele_Base
Samahani kuingilia uzi wa mwenyewe. Paka wangu dume tangu asubuhi anaenda kwa mchanga wake, anachuchumaa, analia, hakuna kinachotoka. Nimpe mafuta ya kupikia alainishe choo?

Mhudumu_KK
Usimpe chochote. Dume akijikamua hivyo huenda ni mkojo umeziba, na ukiziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Mtie kwenye katoni lenye matundu, umpeleke sasa hivi.