Kaboni ya ardhi yetu: tujenge minara ya kuipima wenyewe, au tukubali hesabu za setilaiti?

Nyika_Moro
Wakuu, mwaka 2019 watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Edinburgh walisoma vipimo vya setilaiti mbili, GOSAT ya Japani na OCO-2 ya Marekani, wakasema ardhi ya Afrika ya tropiki ilitoa hewa ya ukaa nyingi kuliko iliyovuta mwaka 2015 na 2016, hasa kaskazini ya ikweta. Mwaka 2020 wengine, waliozunguka misituni kupima miti mmoja mmoja, wakasema misitu ya Afrika imeendelea kuvuta kaboni kwa miaka 30 wakati Amazon inachoka. Tushike lipi? Ulaya wana ICOS, mtandao wa vituo zaidi ya 100 vinavyopima kutwa kucha. Kwetu bara zima minara ya aina hiyo ni ya kutafuta kwa tochi. Nasema nchi zetu zichange, zijenge. Ingawa kwa jinsi wafugaji wanavyochoma nyika kila kiangazi, sishangai setilaiti kutuona tunafuka.

Kabwela_Mbagala
Zahanati ya kata yetu mjamzito anaambiwa aje na gluvu zake, wewe unachangisha mnara wa kupima pumzi ya miti? Setilaiti inapita juu bure. Chukua namba, tumia. Hata huo mnara mmoja uliopo Kongo nasikia una mita mia na ni wa Wabelgiji.

Mtu_wa_Kisangani
Mita 55, si mia. Uko msituni Yangambi, ulisimamishwa mwaka 2020. Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji wamo, sawa, lakini INERA ni taasisi yetu ya utafiti wa kilimo na mafundi wanaoupanda ni Wakongomani. Usiseme "wa Wabelgiji" kama vile sisi tunashika ngazi tu.
Kuhusu bure: OCO-2 inahitaji mwanga wa jua na haioni kupita wingu. Huku mawingu ndiyo paa letu. Kwenye mnara kuna kifaa kinachosoma upepo unavyopanda na kushuka, mara nyingi kwa sekunde moja, na kingine kinasoma hewa ya ukaa iliyobebwa na upepo huo. Mchana miti inavuta, usiku msitu mzima unaitoa. Usiku setilaiti hiyo haina jicho.

Mwanafunzi_SUA
Nyika_Moro, hizo tafiti mbili hazigongani. Ile ya 2020 ilipima misitu ya asili isiyoguswa. Setilaiti inaona kila kitu kwa pamoja: msitu, nyika, shamba, moto, udongo uliolimwa. Msitu unaweza kuvuta na bara likatoa, vyote kweli. Tatizo ni kwamba kule ilikoonekana hewa nyingi hakukuwa na vipimo vya chini vya kutosha kuthibitisha.
Na tusiseme hatuna kitu. NAFORMA, tathmini ya taifa ya misitu ya 2009 hadi 2014, ilipima Tanzania nzima, ikapata hekta milioni 48.1 za misitu. Ila hiyo inakupa akiba ya kaboni iliyo kwenye miti iliyosimama. Haikwambii mwezi huu imeingia kiasi gani na imetoka kiasi gani.

Kiteto_Ng'ombe
Nimesoma yote lakini nimekwama kwenye sentensi moja ya mleta mada. "Wafugaji wanavyochoma nyika." Mkuu, umewahi kulala boma lolote? Mfugaji anayejua kazi anachoma Mei au Juni, majani yakiwa na umande, ili kupe wafe na majani mapya yaote. Moto huo unatambaa chini, mti unabaki. Na nyasi zilizoungua masika yanazirudisha, na hewa iliyotoka inarudi ndani ya nyasi zilezile. Hiyo nayo mnara wako utaipima au utapima moshi tu?

Mkulima_Liwale
Mei na Juni? Mwaka juzi moto uliingia kwangu Oktoba. Mikorosho 40 niliyoipanda na marehemu baba. Masika yalikuja, mikorosho haikurudi. Usinihubirie umande.

Kiteto_Ng'ombe
Pole kwa mikorosho, inatoka moyoni. Lakini ulimwona mchomaji? Oktoba huko kwenu kuna mlina asali, kuna mwindaji, kuna anayesafisha shamba. Moto kichaa ulikuwepo miombo kabla ng'ombe wetu hawajafika. Kila moshi ni sisi!

Mama_Gunia
Na akimalizwa mfugaji mtakuja kwetu wauza mkaa, nawajua. Gesi ikipanda bei nyinyi nyote mnarudi genge langu.

Nyika_Moro
Jamani, neno la wafugaji nalirudisha, nililiandika kwa haraka. Turudi kwenye swali: nani anamiliki kipimo?

Pwani_Gazi
Mimi ni wa Kenya, kusini mwa Mombasa. Swali si mnara wala moto. Swali ni nani analipwa. Kwenye mradi wetu wa Mikoko Pamoja hapa Gazi tangu 2013 tunauza kaboni ya mikoko, yaani mnunuzi analipia hewa ya ukaa ambayo miti yetu imevuta, hekta 117, na fedha zimeleta maji kijijini na vifaa shuleni. Vijana wetu wenyewe hupima miti, ndio maana mnunuzi akiuliza tunajibu.

Kabwela_Mbagala
Hapo sasa umenena. Kwa shangazi yangu walikuja watu wa kampuni moja, wakafunga utepe kwenye miti, wakapiga picha na mwenyekiti. Mwaka wa tatu huu hakuna aliyeona karatasi.

Mwanafunzi_SUA
Ndugu Kabwela, hilo ndilo swali la Nyika_Moro kwa mlango mwingine. Shangazi yako hawezi kuipinga hesabu ya kampuni kwa sababu hakuna kipimo kingine cha kuiwekea kando.

Mtu_wa_Kisangani
Sisi tuna zaidi. Chini ya kinamasi cha katikati ya bonde la Kongo kuna udongo mweusi wa mimea isiyooza, kaboni kama tani bilioni 30, ikalala huko maelfu ya miaka. Dunia ilipata hesabu yake mwaka 2017. Wavuvi waliukanyaga siku zote. Yakikauka maji hayo na kaboni hiyo ikatoka, mtaona mfugaji na mkaa ni kitu kidogo.

Kiteto_Ng'ombe
Umesikia, Liwale? Kitu kidogo.

Mkulima_Liwale
Kwako. Mikorosho 40, na mwaka huu sina cha kupeleka mnadani. Hujanijibu bado moto wa Oktoba unaitwaje huko bomani kwenu.