Mzaha wa ushairi unamcheka nani?

Swali: Wanajukwaa, naomba mnisaidie. Katika mashairi ya kuchekesha ya siku hizi, mume mzembe na mke mwenye mdomo hawachoki kurudi. Je, mzaha huo unapunguza ubabe wa mwanamume, au unaupamba tu?

Jibu: Ndugu, mtazame anayesema kabla hujamtazama anayechekwa. Mwaka 1999 Carol Ann Duffy wa Uingereza alitoa diwani ambamo wake wa watu mashuhuri ndio wanaosimulia. Katika shairi moja fupi mno, mke wa Darwin (yule mwanasayansi aliyeeleza kwamba binadamu na sokwe wana asili moja), akiwa na mumewe mahali pa kutazama wanyama, anamwambia kwamba yule sokwe anamkumbusha mumewe huyo. Ni mistari michache tu, lakini nadharia nzima ya mwanasayansi inageuka kuwa neno la kupita lililomtoka mkewe, naye mume hapewi hata mstari mmoja wa kujibu.

Jibu: Nakubali kwa sehemu. Wendy Cope, mshairi mwingine wa Uingereza, naye aliwafananisha wanaume na mabasi: unasubiri mpaka unachoka, kisha yanatokea mawili matatu kwa mpigo. Nilicheka sana (na mimi ni mwanamume), ila baadaye nikajiuliza mbona msemaji bado amesimama kituoni, akingoja gari linaloendeshwa na mwingine.

Aliyeuliza: Hilo la kituo sikuliona, nashukuru. Hata hivyo, wanaume wale hawana majina wala sura, wana njia na muda wa kupita tu, na aliyewapunguza hivyo ni yeye anayesubiri.