Viputo kwenye bomba la mafuta ya ndege: nikadirieje upotevu wa presha?

Wakuu, nakokotoa bomba la kufyonza toka tenki la bawa hadi pampu ya injini, pampu ya tenki ikiwa imezimwa. Usawa wa bahari hesabu ya msuguano inakubali. Futi 35,000 hasara inazidi sana, na Jet A-1 (mafuta ya ndege) haijakaribia kuchemka. Nimekosea wapi?

Jibu 1
Mkuu, umesahau hewa iliyoyeyuka. Lita 100 za Jet A-1 hubeba takriban lita 14 za hewa. Futi 35,000 presha ya nje ni karibu robo ya ile ya usawa wa bahari, hivyo hewa hiyo ingejaza lita 56. 14 hubaki ndani ya mafuta, 42 hutoka kama viputo. Gawa 42 kwa 142 (mafuta 100 na viputo 42): karibu asilimia 30 ya bomba ni hewa. Kwa kilo zilezile kwa sekunde, mchanganyiko unakwenda kasi mara 1.4, na hasara ya msuguano hupanda takriban mara hizohizo.

Jibu 2
Hapo ni kama hewa yote imepata muda wa kutoka. Ukipaa haraka, mafuta hubaki na hewa ya ziada mpaka yatikiswe. Halafu usiisambaze sawasawa: viputo huanzia kwenye chujio, vali na viwiko, presha inaposhuka ghafla. Gawa bomba vipande, kokotoa ujazo wa hewa upya kila kipande.

Jibu 3
Na kipande cha juu kabisa cha bomba ndicho cha kuogopa. Hewa hujikusanya pale mpaka pampu ifyonze hewa tupu. Panua kipenyo, punguza viwiko. Dawa hasa ni pampu ya tenki iwake.