Mjadala: Ruzuku ya muziki wa jadi Sweden ifuate idadi ya vichwa, au imfuate fundi?

Mleta mada (Uppsala):

Wakuu, salaam. Kila Jumanne jioni nakwenda kujifunza nyckelharpa, chombo cha jadi cha nyuzi cha huku, na wenzangu sita, kwenye chumba kilicho chini ya maktaba ya mtaani kwetu. Naomba tuijadili ruzuku inayolipia chumba kile, maana serikali imeipunguza na naamini imekata pasipostahili.

Kwa wasioishi huku: Sweden ina vyama kadhaa vya elimu ya watu wazima, ABF ya mwaka 1912 ikiwa ndiyo kongwe kuliko vyote. Vinapewa fedha za serikali kupitia Baraza la Elimu ya Wananchi, na fedha hizo huendesha vikundi vya kujisomea. Watu wachache wanakaa pamoja wakisoma, wakiimba au wakichonga, bila mtihani wala cheti. Muziki wa jadi wa vijijini umeishi humo kwa miaka mingi. Mtanzania asilione hili jambo la kigeni: Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi tulivyoanzisha mwaka 1975 viliiga vyuo vya wananchi vya huku huku.

Mwaka 2023 serikali ilitangaza kuipunguza ruzuku hiyo hatua kwa hatua, hadi ifikapo 2026 iwe imepungua kwa krona milioni 500 kwa mwaka. Kabla ya hapo zilikuwa zimezuka kashfa, hasa vitongoji vya Stockholm: orodha zimejaa wanafunzi hewa, vikundi vinavyolipiwa havikukutana hata siku moja. Wizi ule ulinikera mno, kwa sababu mimi pia nalipa kodi. Lakini chanzo chake kinajulikana. Fedha zilifuata saa na vichwa, na ukimlipa mtu kwa vichwa atakuletea vichwa.

Sasa itazameni nyckelharpa kwa karibu. Ni zeze lenye funguo. Unalivaa kwa mkanda shingoni, linalala tumboni, mkono wa kulia unavuta uta mfupi. Vidole vya kushoto vinasukuma funguo kutoka chini, na kila ufunguo umebeba kijiti kidogo kinachogusa uzi. Ukiachia, ufunguo unaanguka wenyewe kwa uzito wake, hakuna springi. Nyuzi ni 16: tatu za kupigia, moja ya mvumo, na 12 ambazo hakuna anayezigusa. Zinaitikia zenyewe, kama waitikiaji wa kasida. Kijiti kimoja kikikaa upande kidogo tu, sauti inaharibika. Huwezi kujifunza kukinyoosha kwa kutazama video. Lazima mtu akushike mkono.

Hicho ndicho ruzuku inachonunua. Miaka ya 1970 watu wa kawaida waliingia kozi za jioni wakajiundia nyckelharpa zao wenyewe, wengi wakifuata njia ya Eric Sahlström wa Uppland, fundi na mpigaji. Mwaka 1998 kilifunguliwa chuo chenye jina lake kijijini Tobo, na mwaka 2023 UNESCO ikautaja mtandao wa nyckelharpa kuwa mfano mwema wa kuhifadhi urithi. Mwaka ule ule serikali ikatangaza kukata.

Nasema ruzuku iendelee, ila tubadili kipimo. Alipwe fundi anayefundisha, na ukaguzi ufanyike kwa kufika chumbani, si kwa kusoma orodha.

Mchangiaji wa Malmö:

Dada yangu, nimekusoma kwa makini na mapenzi yako nayaona. Lakini utamaduni ulio hai haulishwi kwa kijiko. Singeli ilizaliwa uswahilini Dar bila ruzuku, leo inapigwa hadi Ulaya. Taarabu imelipwa na wenye harusi na watunzaji kwa vizazi. Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee, naona zamu zinavyokosa watu. Ukiniuliza krona iende kwa bibi aliyelala kitandani au kwa watu saba wenye mazeze, sitafikiri mara mbili. Wanaopenda wachange.

Mleta mada:

Kaka, kazi yako naiheshimu, na sitaki bibi yule akose mtu wa kumgeuza. Lakini singeli ni muziki wa vijana walio wengi na soko lake liko mtaani. Ulinganishe na vitu vyetu vinavyofanana na hili: wapigaji wangapi wa ganuni wamebaki Zanzibar wanaoweza pia kuitengeneza? Chombo ambacho fundi wake ni mzee hakisubiri soko liamue. Akiondoka yeye, fedha zikija baadaye hazina wa kumpa.

Na kuhusu kuchanga, tunachanga tayari. Ruzuku inafanya ada iwe ndogo kiasi kwamba mfanya usafi kama mimi anakaa kiti kimoja na daktari mstaafu. Ikiondoka, muziki huu hautakufa kesho. Utabaki kwa wenye nafasi tu.

Mchangiaji wa Luleå:

Mimi fedha sina tatizo nazo. Hofu yangu ni nani anachagua. Mwaka 2010 chama cha Sweden Democrats, kinachopinga uhamiaji, kilipoingia bungeni, kiongozi wake alikuja na vazi la jadi, na wanamuziki wa jadi wakajitokeza kupinga muziki wao usigeuzwe bendera ya kuchukia wageni. Mwaka 2025 kamati iliyoundwa na serikali imetoa orodha ya kazi za utamaduni wa Sweden. Orodha ni rahisi: unaiandika mara moja, hailipi kodi ya chumba.

Huku kaskazini nina jirani Msami, wa jamii ya wenyeji wa asili wa huku. Ngoma za mababu zake zilinyang'anywa na nyingine kuchomwa na kanisa, na joik, uimbaji wao, ukaitwa dhambi. Kwa hiyo dada, nikisikia "kuhifadhi jadi", nauliza kwanza jadi ya nani. Ukimpa afisa wa serikali kazi ya kumtambua fundi wa kweli, je, atamtambua na huyu jirani yangu?

Mleta mada:

Umenigusa, na sina budi kurekebisha nilichosema. Nilipoandika "alipwe fundi" sikusema nani amtaje. Serikali isimtaje. Wamtaje wenye kazi: kwa mambo ya Wasami, Wasami wenyewe, kwa nyckelharpa, wapigaji. Mfano upo. Alama ya Zorn, beji wanayotunukiwa wapigaji wa muziki wa jadi, inayotokana na mchoraji Anders Zorn aliyeanzisha mashindano ya wapigaji kule Gesunda mwaka 1906, mpaka leo unaipata kwa kupiga mbele ya majaji wanaoujua muziki huo. Hakuna anayekuuliza umezaliwa wapi. Unakaa, unapiga, wanasikiliza.

Naweka na hili ili tusijadili hewani. Muhula huu ada yetu imepanda, na kati yetu saba wawili wameacha. Mmoja ni mama wa miaka themanini na kitu, pensheni yake haikutosha. Ndiye aliyekuwa akininyooshea vijiti. Jumanne iliyopita ufunguo wangu wa tatu uligoma kuanguka, tukautazama sote watano, tukaufunika na kitambaa tukaendelea bila huo. Kesho nampelekea nyumbani kwake, nimwombe anifundishe jikoni.